Programu Mpya Ni Mbaya, au Vidole Vyako Havijaizoea?

Ofisi ikibadilisha mfumo wa hesabu, au kompyuta ikijisasisha usiku na asubuhi menyu zikakutwa zimehama, hukumu hutoka kabla ya saa nne: hii mpya mbovu, ile ya zamani ilikuwa rahisi. Fundi wa kompyuta naye ana jibu lake tayari: mtazoea tu. Wote wawili wamekwepa kazi ya kupima. Wa kwanza ameyachukua mazoea yake akayaita ubora. Wa pili ameichukua gharama halisi ya watu akaiandika sifuri. Tunachokitetea hapa ni kwamba mazoea yapewe safu yake kwenye hesabu. Yasichanganywe na ubora wa kiolesura, yaani ile sura ya programu yenye madirisha, vitufe na menyu, na wala yasifutwe kana kwamba hayana bei.

Anza na mambo ambayo hayana ubora wala ubovu ndani yake. Julai 2011, kwenye Mac OS X Lion, toleo la mfumo wa kompyuta zao za Mac, Apple waligeuza mwelekeo wa kusogeza ukurasa kwa tachipadi. Zamani uliposhusha vidole viwili, maandishi yalipanda. Kuanzia toleo lile vidole vikipanda, maandishi nayo yanapanda, kama kwenye simu. Taratibu zote mbili zina mantiki: katika ya kwanza unasogeza dirisha unalochungulia, katika ya pili unasogeza karatasi yenyewe. Hakuna iliyo ya haraka zaidi kwa mtu aliyeizoea, na mpangilio wa kuirudisha ya zamani upo, ni alama moja tu ya kuondoa. Hata hivyo ubishi ulikuwa mkali. Ukimlazimisha mtu akae na mwelekeo mpya kwa muda, kisha ukamrudishia ule wa zamani, ataulalamikia wa zamani kwa maneno yaleyale.

Ndivyo ilivyo kwa vitufe vya OK na Cancel. Windows huweka OK kushoto na Cancel kulia, Mac huvigeuza. Anayetumia Windows kazini na Mac nyumbani atakosea akiwa amechoka, na kosa hilo halitokani na ubovu wa upande wowote. Ubuntu 10.04 ya Aprili 2010, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ilihamishia upande wa kushoto vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha, na Ubuntu 17.10 ya Oktoba 2017 ikavirudisha kulia. Aliyejifunzia kompyuta ndani ya miaka hiyo saba, kwake kushoto ndiko kawaida.

Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh ndani ya Apple mwaka 1979, aliliandika jambo hili waziwazi mwaka 1994: watu wanaposema kiolesura kinajieleza chenyewe, mara nyingi maana yake ni kwamba kinafanana na walichokwisha kukijua. Hoja yake ina upande mchungu kwa mbunifu. Ukikubali kwamba "rahisi" ni jina jingine la "nimeizoea", basi kila uboreshaji wa kweli utaanza kwa kuonekana mgumu, kwa kuwa unatofautiana na kilichopo. Kura ya siku ya kwanza haiwezi kukuambia kama umeboresha au umeharibu.

Ila wapo wanaoichukua hoja hiyo na kuivuta mpaka mwisho: basi kila kitu ni mazoea, hakuna kiolesura bora kuliko kingine. Hapo wamepotea, kwa sababu mkono na jicho vina sheria zake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na upana wake: ikiwa mbali na ndogo inachelewesha, ikiwa karibu na kubwa inaharakisha. Kwenye skrini, ukingo una nguvu ya pekee. Mshale ukifika ukingoni unakwama hapo hata ukiendelea kusukuma kipanya, kwa hiyo kitufe kinachogusa ukingo ni kama kina upana usio na mwisho. Ndiyo maana menyu za Mac, zilizobandikwa juu kabisa ya skrini tangu 1984, hufikiwa kwa kurusha mkono bila kulenga, wakati menyu iliyo ndani ya dirisha inadai upunguze mwendo na kulenga ukanda mwembamba.

Angalia kitufe cha Start cha Windows 95. Kilikaa kwenye kona ya chini kushoto, mahali pazuri kuliko pote kwa mujibu wa sheria hiyo, lakini kati yake na ukingo wa skrini uliachwa mstari mwembamba wa pikseli usiofanya kazi. Mtu alirusha mshale mpaka konani, akabofya, kimya. Ilimbidi arudi nyuma kidogo na kulenga. Mamilioni ya watu walizoea kurudi huko nyuma kidogo, wala hawakulalamika. Mazoea yalikuwa yameufunika ubovu, na hii ndiyo sababu ya kutowauliza watumiaji wa zamani peke yao. Watakwambia mfumo hauna tatizo kwa kuwa wamekwisha kulizunguka.

Sheria hiyohiyo inaweza kugeuka dhidi ya Mac. Kwenye skrini kubwa ya meza, au mbili zilizopangwa pamoja, menyu ya juu inakuwa mbali na dirisha unalofanyia kazi, na faida ya ukingo inaliwa na umbali. Anayesema menyu ya juu ni bora na anayesema si bora wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kila mmoja kwa skrini yake. Waulize kwanza ukubwa wa skrini.

Mazoea yanapoingia kwenye vipimo, namba hubadilika kwa kiasi cha kushangaza. Watafiti Card, Moran na Newell walichapisha mwaka 1980 njia ya kukadiria muda wa kazi kwa kuigawa katika vitendo vidogovidogo. Kubonyeza kitufe kimoja cha kibodi ni sekunde 0.2 kwa mchapaji mwenye ujuzi wa wastani. Kupeleka mshale kwenye shabaha ni 1.1. Kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya, au kuurudisha, ni 0.4. Kufikiri kabla ya hatua ni 1.35. Chukua kazi ambayo mhasibu huifanya mara nyingi kwa siku: kubandika thamani tupu, bila fomula, kwenye Excel. Kwa kibodi mfuatano ni Alt, E, S, V, Enter. Mibonyezo mitano ni sekunde 1.0, ongeza kufikiri mara moja, jumla 2.35. Kwa kipanya: mkono 0.4, mshale hadi kwenye kishale kilicho chini ya Paste 1.1, kubofya 0.2, mshale hadi kwenye ikoni ya thamani 1.1, kubofya 0.2, kurudisha mkono 0.4, na kufikiri mara moja. Jumla 4.75. Sasa mpe kibodi mtu asiyeujua mfuatano ule vizuri, anayesimama kukumbuka kabla ya kila kitufe: kufikiri mara tano ni 6.75, na mibonyezo 1.0, jumla 7.75.

Programu ni ileile, kazi ni ileile. Kwa aliyezoea, kibodi inakishinda kipanya mara mbili, na kwa asiyezoea kipanya kinashinda kwa mbali. Mabishano mengi ya "kibodi ni haraka" na "kipanya ni rahisi" ni ya watu wanaosimama kwenye mistari tofauti ya hesabu hii bila kujua.

Mfano huo wa Excel una jambo jingine la kujifunza. Office 2007, iliyoingia madukani Januari 30, 2007, iliziondoa menyu za kushuka katika Word, Excel na PowerPoint na kuweka utepe wa vichupo. Yalikuwa mabadiliko makubwa kwa programu ambazo ofisi nyingi duniani ziliendeshwa nazo. Lakini Alt, E, S, V ni mfuatano wa menyu za Office 2003. Menyu ya Edit haipo tena machoni, na bado ukibonyeza Alt kisha E, Excel inaonyesha kijisanduku kinachokwambia uendelee na mfuatano wa zamani. Microsoft walibadilisha kinachoonekana, wakaacha kinachojulikana na vidole. Huko ndiko kuyapa mazoea bei yake, na tungependa kila anayetengeneza mfumo wa benki au wa hospitali aige hapo.

Utepe huo ulikuwa na kasoro isiyohusiana na mazoea hata kidogo: urefu. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Utepe pamoja na upau wa kichwa hula karibu pikseli 150, upau wa kazi chini unachukua 40 kwenye Windows 7, na waraka unabaki umebanwa katikati. Anayelalamika kwamba "Word mpya inabana" kwenye mashine ya namna hiyo anasema kweli, na dawa ipo: Ctrl+F1 huukunja utepe na kuacha vichupo tu. Anayelalamika kwamba "sioni menyu ya Insert ilivyokuwa" anazungumzia kitu kingine. Malalamiko mawili kutoka kinywa kimoja, moja la kupimwa kwa rula, jingine la kupewa muda.

Windows 8 inafaa kuchambuliwa kwa kisu hichohicho. Ilitoka Oktoba 26, 2012 bila kitufe cha Start, ikalaumiwa kila upande, na watetezi wake wakasema watu hawapendi mabadiliko. Hesabu hatua za kuzima kompyuta. Kwenye Windows 7: bofya Start, bofya Shut down. Kwenye Windows 8: peleka mshale kwenye kona ya kulia mpaka ukanda wa vitufe utokee, Settings, Power, Shut down. Hatua mbili zimekuwa nne, na ile ya kwanza haina alama yoyote kwenye skrini inayokuambia kwamba kona ni mlango. Mtu mgeni kabisa, asiye na mazoea ya Windows yoyote, angekwama hapo vilevile. Windows Server 2012 ilibeba sura hiyohiyo, na seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, mara nyingi huendeshwa kwa mbali, ndani ya dirisha lililo katikati ya skrini ya mtu. Kona ya dirisha hilo haina ukingo wa kuuzuia mshale. Ile shabaha iliyotegemewa kuwa rahisi kuliko zote ikageuka kijidoa cha kutafuta. Kitufe kilirudishwa kwenye 8.1 Oktoba 17, 2013, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mwezi Julai 2015. Ndani ya kelele zile mazoea yalikuwemo, bila shaka, lakini ukiyaondoa yote kasoro bado inabaki pale pale.

Kutokana na mifano hii tunapata kipimo tunachokiamini kuliko vingine: je, kiolesura kinaruhusu mazoea yajengeke? Office 2000 ilikuja na menyu zilizojibadilisha, zikificha amri ambazo hujazitumia karibuni na kupandisha unazozitumia. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, amri iliyokuwa ya nne jana leo ikawa ya pili, na kesho haipo mpaka ubofye mishale miwili ya chini. Jicho halikupata pa kutulia. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, imelirudisha tatizo hilo kwa namna nyingine: ikoni za upau wa kazi zimewekwa katikati, kwa hiyo kila unapofungua programu mpya, safu yote hujipanga upya na kitufe cha Start kinasogea kidogo kushoto. Kimepoteza kona, na pia kimepoteza mahali. Mpangilio wa kukirudisha kushoto upo, na tunashauri kila ofisi iuweke hivyo siku ya kwanza.

Mazoea yana upande wa hatari pia, na wabunifu wengi wanaupuuza. Kidirisha kinachouliza "Una uhakika unataka kufuta?" hufanya kazi mara chache za mwanzo. Baada ya hapo kufuta na kukubali vinakuwa tendo moja: Delete, Enter. Vidole vinajibu kabla macho hayajasoma, na siku faili si lenyewe, jibu ni lilelile. Kuongeza onyo la pili kunawafundisha watu mibonyezo mitatu badala ya miwili. Kinachosaidia ni kuweza kutendua: pipa la taka, Ctrl+Z, au kama Gmail inavyoishikilia barua uliyotuma kwa sekunde 5 hadi 30, upendavyo, ili uweze kuirudisha. Mfumo wa ofisi usio na kutendua, unaojitetea kwa vidirisha vya maonyo, una kasoro hata kama wafanyakazi wote wanausifia.

Upendeleo tu, yaani ladha, ni jambo dogo kuliko linavyopigiwa kelele. Mandhari nyeusi au nyeupe? Kwa macho yasiyo na tatizo, kwenye chumba chenye mwanga, maandishi meusi juu ya nyeupe kwa kawaida husomeka vizuri zaidi, kwa sababu mwanga mwingi huibana mboni na kuongeza ukali wa picha. Mwenye mtoto wa jicho huenda akaona afadhali nyeusi. Nyeusi huokoa betri kwenye skrini za OLED, si kwenye LCD za kawaida ambazo taa yake ya nyuma inawaka vilevile. Baada ya hapo, mwachie kila mtu achague.

Kuna mazoea yasiyokaa kwenye vidole vya mtu mmoja. Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo simu za Android zina Kiswahili kamili. Wapo Waswahili wa kuzaliwa wanaoweka simu kwa lugha yao, wakakutana na Mipangilio na Ghairi, wakarudi kwenye Kiingereza siku hiyohiyo wakisema Kiswahili kinawachanganya. Tusiwakejeli. Mwalimu wao wa kompyuta alifundisha kwa majina ya Kiingereza, video za mafunzo zinasema nenda Settings, na jirani wa mezani akiombwa msaada anaelekeza hivyohivyo. Anayebadilisha lugha peke yake anajitenga na msaada wote huo. Darasa zima likibadilisha pamoja, na maelekezo yake yakabadilika, gharama hiyo inatoweka.

Mwenye steshenari anayefikiria kuhama kutoka Photoshop kwenda GIMP, zote programu za kuhariri picha, yuko kwenye hali hiyohiyo, akiwa na nyongeza. Tangu GIMP 2.8 ya mwaka 2012, Ctrl+S huhifadhi faili la XCF tu, aina ya faili ya GIMP yenyewe. Ukitaka JPEG au PNG unatumia Shift+Ctrl+E. Wengi huliita jambo hili usumbufu. Sababu yake ni nzuri: JPEG haiwezi kubeba tabaka, yaani sehemu za picha zinazohaririwa kila moja peke yake, na kijana aliyehifadhi kadi ya harusi kwa JPEG peke yake hawezi kubadilisha jina la bibi harusi kesho. Lakini dukani, mteja akiwa amesimama na flashi mkononi, kijana aliyezoea Ctrl+S atajikuta ana faili ambalo kompyuta ya mteja haifungui. Hukumu ya haki inaziandika zote mbili: muundo una mantiki, na wiki za kwanza zitakuwa na makosa mbele ya wateja.

Wataalamu nao hawajapona. GNOME 3, kiolesura cha kompyuta za Linux, ilipotoka Aprili 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliikosoa hadharani na kuhamia Xfce, kiolesura kingine cha Linux. Mwaka 2013 alikuwa amerejea GNOME, akiwa ameiongezea viendelezi vinavyomrudishia aliyoyakosa. Waliobaki na mapenzi ya GNOME 2 walitengeneza MATE, na inaendelea mpaka leo. Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, walichukua njia ya busara zaidi: toleo la 2.80 la Julai 2019 lilihamisha uteuzi wa vitu kutoka kitufe cha kulia cha kipanya kwenda cha kushoto, na ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza unataka kipi. Mgeni anapata kinachofanana na programu nyingine, mkongwe anabaki na mkono wake.

Ukitakiwa kutoa hukumu kwa ofisi, fanya hivi. Chagua kazi tano halisi zinazofanywa kila siku, si zile za kwenye maonyesho ya muuzaji. Tafuta watu wa mfumo wa zamani na, wakipatikana, wasiojua wowote kati ya miwili. Nusu waanze na wa zamani, nusu waanze na mpya, maana mfumo unaokuja wa pili hunufaika na mtu aliyekwisha kuielewa kazi. Andika muda, makosa, na muda wa kulirekebisha kila kosa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo huonyesha tofauti kubwa. Maoni waulizwe baada ya kazi. Dodoso la maswali 10 lililobuniwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986 linatosha: kila swali alama 1 hadi 5. Kwa maswali ya namba witiri toa 1 kwenye alama, kwa namba shufwa toa alama kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Unapata kati ya 0 na 100, na 68 huchukuliwa kuwa wastani. Alama moja ya siku ya kwanza haina maana kubwa kwa kuwa imebeba mazoea ndani yake. Rudia wiki ya pili na ya nne. Ikipanda na makosa yakipungua, yalikuwa mazoea. Ikikwama chini wakati muda wa kazi umeshakuwa mzuri, ni ladha, au kuna kero ambayo vipimo vyako havijaigusa. Muda na makosa vikikwama vyote, hiyo ni kasoro ya programu.

Usihamishe mfumo mwishoni mwa mwezi wakati wa mishahara, wala wiki ya kufunga hesabu. Acha wa zamani usomeke, bila kuandikwa, kwa mzunguko mmoja mzima. Orodhesha amri kumi zinazotumika zaidi, ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, ukurasa mmoja, ubandikwe karibu na kila skrini. Malalamiko yatakayokuwa bado hai wiki ya nne, kutoka kwa wanaoifanya kazi hiyo kila siku, yaandikwe pamoja na idadi ya hatua na sekunde zake, yapelekwe kwa aliyeuza mfumo kabla malipo ya mwisho hayajatoka.